Bima Haiulizi Nani Aliyekata Springi

Tuseme ni Toyota Mark X, kama zile zinazopita kila siku Barabara ya Bagamoyo. Kadi inasema GRX120, injini ya lita 2.5, rangi ya fedha, abiria watano. Mnunuzi wa tatu tangu lishuke bandarini analikuta jeusi, limekaa chini kidogo, rimu kubwa, mngurumo mzito. Analipenda. Analipa, anabadilisha jina TRA, kisha anakata bima kubwa kwa wakala wa karibu na nyumbani. Kwenye fomu, penye swali kama gari limefanyiwa mabadiliko, wakala anaandika “Hapana” bila kuinua kichwa. Miezi kadhaa baadaye gari linateleza kwenye mvua na kugonga kalavati. Mkadiriaji hasara wa kampuni ya bima anafungua boneti, anakuta injini ya 3GR ya lita 3. Anainama chini, anakuta springi zilizokatwa kwa grainda. Mwenye gari hakufanya hata kimoja kati ya hivyo. Vyote ni kazi ya mtu ambaye simu yake siku hizi haipatikani.

Je, atalipwa? Wengi wetu tungejibu kwa huruma: hana kosa, alipwe. Kampuni ya bima haianzii hapo. Inauliza gari lililogonga ni lile lililoandikwa kwenye hati au ni jingine. Mteja alijua nini. Na alisaini nini. Jina la aliyekata springi halimo kwenye maswali hayo. Ndiyo maana anayenunua gari la mkononi anapaswa kuyachukulia mabadiliko ya mwenye gari aliyepita kana kwamba ameyafanya yeye mwenyewe: ayatafute, ayaandike, na ayaseme kabla hajaulizwa.

Wajibu wa kusema umetoka wapi

Mkataba wa bima unamtaka mteja awe mkweli kuliko mikataba mingine mingi. Ukiuza shamba, mnunuzi ana wajibu wa kwenda kulikagua. Kwenye bima, anayejua hatari ni mteja, na kampuni inapanga ada kwa kumwamini. Kanuni hiyo iliwekwa wazi Uingereza mwaka 1766, Jaji Mansfield alipoamua kesi ya bima ya ngome ya Fort Marlborough huko Sumatra, na ikatufikia huku pamoja na sheria nyingine za kikoloni. Kila jambo ambalo lingeifanya kampuni ipandishe ada, iweke sharti au ikatae kabisa, unatakiwa uliseme.

Kwa mnunuzi wa gari la mkononi kuna habari njema na habari mbaya. Njema ni kwamba huwezi kulaumiwa kwa kutosema usichokijua. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1908 katika kesi ya bima ya maisha, na msimamo huo umebaki. Mwenye Mark X yetu, ikiwa kweli hakujua habari za injini, anayo hoja.

Mbaya ni saini. Mwaka 1922, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya lori lililoungua moto Glasgow. Kwenye fomu ya bima, penye swali la mahali lori linapolala, ilikuwa imeandikwa anuani ya ofisi badala ya anuani ya gereji. Lilikuwa kosa la bahati mbaya, na mahakama ilikubali kwamba halikuongeza hatari yoyote. Hata hivyo wenye lori walikosa fidia, kwa sababu fomu ilisema majibu yote ndiyo msingi wa mkataba, na jibu moja halikuwa kweli. Uingereza yenyewe imeshaachana na ukali huo kwa sheria za mwaka 2012 na 2015. Wewe ukiona kwenye fomu yako sentensi inayosema majibu haya ni msingi wa mkataba, tulia. Unapoandika “Hapana” hapo, unatoa ahadi kwamba gari halijabadilishwa. Aliyeandika “Sijui” hajaahidi kitu. Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kuwa na thamani ya gari zima.

Mabadiliko yenye uzito

Si kila kitu kilichofungwa baada ya kiwandani kinaisumbua kampuni ya bima. Kava za viti, mazulia na kamera ya kurudi nyuma havibadilishi sana uwezekano wa ajali. Yafuatayo ndiyo yanayohesabiwa.

*Injini.* Hapa kwetu injini hubadilishwa zaidi kwa shida kuliko kwa mbwembwe. Mwenye gari lenye injini ya D4 amechoka kuhangaika na pampu, amefunga injini ya kawaida. Mwenye Prado au Surf ya 1KZ amepasukiwa na silinda hedi kwa joto, fundi akamshauri atafute injini nyingine. Gari linatembea vizuri na pengine ni zima kuliko zamani. Ila namba ya injini haifanani tena na ya kwenye kadi, na huenda ukubwa wa injini au aina ya mafuta pia imebadilika. Mbali na bima, hilo ni suala la usajili, maana kadi inapaswa kusema ukweli wa gari, na injini isiyo na karatasi huzua swali la wizi.

*Miguu ya gari.* Springi zilizokatwa, gari lililonyanyuliwa, rimu na tairi zisizo za saizi yake. Hivi vinagusa breki, usukani na jinsi gari linavyokata kona. Hata kipima mwendo hudanganya: tairi likizidi kipenyo cha asili kwa asilimia 8, mshale unaposoma 100 gari linakwenda 108.

*Umeme.* Huu ndio unaoleta moto, nao haumshtui mnunuzi. Taa mbili za kiwandani za wati 55 huvuta ampea 9 hivi kwenye gari la volti 12. Fundi akifunga za wati 100, zinavuta karibu 17 kupitia waya zilezile. Fyuzi inakatika, anaweka kubwa zaidi au anazungushia kipande cha waya. Ukiongeza spotilaiti, amplifaya na alamu zilizounganishwa kwa kuchuna waya na kuviringishia utepe, umepata gari linaloweza kuwaka likiwa limeegeshwa.

*Gesi.* Magari mengi ya Dar es Salaam yamefungwa mfumo wa gesi asilia ili kupunguza gharama za mafuta, mengine katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, mengine kwenye karakana binafsi. Mtungi hujazwa kwa presha ya takribani baa 200, karibu mara 90 ya presha ya tairi la gari dogo. Mtungi uliofungwa kitaalamu na wenye cheti ni salama. Usio na karatasi ni swali ambalo kampuni ya bima italiuliza, na wewe ulipaswa kuliuliza kwanza.

*Kazi ya gari.* Noah iliyoongezwa viti, pikapu iliyoongezwa majani ya springi ili ibebe mzigo mzito, gari dogo lililofanya teksi miaka mitatu kisha likarudishwa namba ya njano. Bima ya gari binafsi na ya gari la biashara hazilingani kwa ada wala kwa masharti. Matundu ya bolti sakafuni au alama ya mstari uliobanduliwa ubavuni ni ushahidi wa maisha mengine ambayo gari limepitia.

Kabla hujalipa

Anza na karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta, rangi, aina ya bodi na idadi ya viti. Shika kadi mkononi, zunguka gari, linganisha kimoja kimoja. Usikubali kusoma namba ya chasisi kwenye kibandiko tu; itafute iliyogongwa kwenye bodi. Herufi zake za mwanzo zina habari: GRX120 ni Mark X iliyotoka kiwandani na injini ya lita 2.5, na yenye lita 3 ni GRX121. Fundi anayezijua Toyota atakwambia ndani ya dakika moja kama injini na chasisi vilizaliwa pamoja.

Kama gari lilitoka Japani, omba nakala ya cheti cha kutolewa kwake nchini humo. Wauzaji wengi bado wanacho ndani ya bahasha ya nyaraka za forodha. Kinaonyesha modeli, uzito, urefu, upana na kimo cha gari kwa sentimita, kwa hiyo kipimo cha futi kinatosha kukuambia kama limeshushwa au kunyanyuliwa. Tazama pia kama mwisho wa modeli pana neno KAI. Wajapani huliweka kwenye gari lililobadilishwa maumbile kupita kiwango, kwa mfano kimo kilichozidi au kupungua zaidi ya sentimita 4, kisha likakaguliwa upya na mamlaka zao. Karatasi ya mnada, ikipatikana, nayo ina faida: alama ya R au RA humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Kisha lipeleke kwa fundi wako. Fundi anayeletwa na muuzaji hakufai kwa kazi hii, na dalali anayekuambia “Bosi, hii ni kupanda na kuondoka” hakufai kabisa. Lipandishwe kwenye shimo. Mwambie fundi akutazamie kazi tano: injini, springi na shokapu, breki, waya, na mfumo wa mafuta au gesi. Mlipe, na umwombe aandike alichokiona, hata kama ni nusu ukurasa wenye tarehe, jina na saini yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha ulijua nini, na lini.

Mwisho, mfunge muuzaji kwa maandishi. Mikataba mingi ya mauziano ya magari ina mstari unaosema gari limeuzwa “kama lilivyo”. Usiugombee. Ongeza wako: “Muuzaji anathibitisha kwamba mabadiliko yaliyofanyika kwenye gari hili, kwa kadiri anavyojua, ni haya yafuatayo.” Chini yake ayaorodheshe, au aandike hakuna. Mtu mkweli hatasita. Anayesita amekupa jibu.

Siku ya kukata bima

Usitembee na stika ya mwenye gari wa zamani kwa kuwa ina miezi minne mbele. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu, haihamii na funguo. Gari likishauzwa, mkataba wa muuzaji haukulindi wewe, isipokuwa kampuni yenyewe imekubali kwa maandishi kukupokea.

Fomu jaza mwenyewe, au mwambie wakala akusomee kila swali na aandike unachosema. Wakala ana haraka, na ukikubali aandike “Hapana” kila mahali, saini ni yako. Penye swali la mabadiliko, andika unayoyajua, kisha ongeza: “Gari nimelinunua likiwa limetumika. Mabadiliko mengine yaliyofanywa na mmiliki wa awali siyafahamu.” Ambatanisha ripoti ya fundi na picha: mbele, nyuma, ubavu, ndani, injini, tairi. Peleka kwa barua pepe hata kama umepeleka kwa mkono, ili tarehe ibaki.

Uliza thamani. Gari lenye rimu za milioni mbili na redio ya milioni moja, likikatiwa bima kwa bei ya gari la kawaida, likiibwa litalipwa kama gari la kawaida. Vitu vya ziada huorodheshwa na bei zake, la sivyo havimo. Kama hati ina kipengele cha uwiano, kukata chini ya thamani kunaumiza hata kwenye ajali ndogo. Gari la milioni 20 lililokatiwa kwa milioni 15 likipata hasara ya milioni 4, unapewa milioni 3 ukatafute moja mwenyewe.

Ukishalipa, hakiki stika yako kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kisha dai hati kamili ya bima na uisome. Mabadiliko uliyoyataja yaonekane ndani yake au kwenye nyongeza ya mkataba. “Tumekuelewa, kaka, hakuna shida” ya mdomoni haitasimama mbele ya mkadiriaji.

Ukigundua bima ikiwa tayari inaendelea

Hili hutokea sana. Umelipeleka gari sevisi, fundi anachungulia anasema: “Dada, hii injini si yake.” Tangu dakika hiyo hoja ya kutojua imekwisha. Kukaa kimya mpaka bima iishe ni kamari, na siku ya kuhuisha utajaza fomu upya ukiwa unajua. Andika barua siku hiyohiyo au kesho yake. Haihitaji lugha ya mahakamani:

“Gari langu namba fulani, lenye bima namba fulani, nililinunua tarehe fulani likiwa limetumika. Leo, wakati wa sevisi, fundi amebaini kwamba injini si ile iliyoandikwa kwenye kadi. Mabadiliko haya yalifanyika kabla sijalinunua na sikuwa nikiyafahamu. Naambatanisha ripoti na picha. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama bima yangu inaendelea, na kwa masharti gani.”

Pamoja na barua hiyo, anza taratibu za TRA za kurekebisha kadi. Kampuni inaweza kukubali bila nyongeza, kuomba ukaguzi, kupandisha ada, au kukutaka urudishe gari katika hali yake. Springi za kiwandani zilizotumika si ghali kuzipata Ilala, na kufunga waya upya ni kazi ya siku moja au mbili. Ukirekebisha, tunza risiti na umpige picha fundi akiwa kazini.

Ajali ikishatokea

Usibandue kitu. Wapo watakaokushauri uondoe spotilaiti au ubadilishe tairi kabla mkadiriaji hajafika. Ukifanya hivyo, hoja yako nzuri ya kutojua inageuka kuwa udanganyifu, na hapo hata mtetezi wako atakosa la kusema. Kwenye fomu ya madai eleza ulichokiona na unachokijua, basi.

Kampuni ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi, pamoja na namba ya kipengele wanachokitegemea na nakala ya fomu uliyosaini. Kisha pima hoja zako kwa utaratibu. Ulijua? Ripoti ya fundi na mkataba wa mauziano vitajibu. Uliulizwa? Kama fomu haina swali la mabadiliko, au kampuni ililikagua gari yenyewe na ikapiga picha kabla ya kukata bima, sema hivyo. Badiliko hilo lingewafanya wakatae au wapandishe ada? Vioo vya giza havitoshi kufuta bima ya gari lililogongwa kwa nyuma likiwa kwenye foleni. Springi zilizokatwa kwenye gari lililoacha njia konani ni habari nyingine, nawe ujiandae kwa ubishi mgumu, au kwa mazungumzo ya kulipwa sehemu.

Mkishindwana, andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni, halafu TIRA, au upeleke shauri Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili watu wasilazimike kuanzia mahakamani. Muuzaji naye usimsahau. Kama alithibitisha kwa saini kwamba hakuna mabadiliko na ukweli ni mwingine, madai yako dhidi yake yana mguu wa kusimamia.

Wenye bima ndogo wasidhani haya hayawahusu. Bima hiyo, ambayo ndiyo ya lazima, iliwekwa kumlinda mwenda kwa miguu, abiria na mwenye gari jingine, na sheria huibana kampuni isimkimbie majeruhi kwa visingizio vya mkataba wake na wewe. Sheria ya Kenya ya bima hiyo, Sura ya 405, inataja hata hali ya gari na nguvu ya injini miongoni mwa mambo yasiyoweza kutumiwa kumnyima haki aliyeumia. Lakini kampuni iliyolipa kwa kubanwa inaweza kukugeukia wewe kudai fedha zake. Majeruhi amelipwa, na deni limebaki na wewe.

Mtu anaweza kuogopa kwamba akisema yote haya kampuni itamkatalia. Inaweza. Ikatae basi leo, gari likiwa zima na fedha ya ada ikiwa bado mfukoni, ukatafute kampuni nyingine, urekebishe kasoro, au umrudie muuzaji mkiwa bado mnapigiana simu. Kampuni inayokataa ukweli wako kabla ya ajali imekuonyesha ingefanya nini baada ya ajali, na taarifa hiyo umeipata bure.